Makaburi ya Nani? Jibu kwa Wasemao Afrika Imeiua Peugeot 504

Liko neno linalorudiwa mara nyingi katika maandishi ya Ulaya, na sasa limeanza kurudiwa na vijana wetu wasomi, kwamba Afrika ni makaburi ya motokaa za Ulaya. Maana ya neno hilo ni kuwa motokaa huzaliwa kwao, huishi kwao, na ikiisha nguvu huvushwa bahari ije ifie kwetu. Neno hili lina sura ya ukweli, kwa sababu meli huja kweli na motokaa chakavu katika bandari zetu ni nyingi kweli. Lakini sura si kitu chenyewe. Nataka kulijibu kwa ushahidi wa motokaa moja tu, Peugeot 504 ya Ufaransa, kwa kuwa habari zake zajulikana vema na jina lake bado li hai katika vinywa vya watu wetu. Nadai kwamba motokaa hii iliuawa kwao ikauguzwa kwetu. Tena nadai neno litakalowaudhi baadhi ya wenzangu, kwamba sisi nasi sasa twaimaliza kwa dharau iliyo mbaya kuliko ya Wafaransa, maana wao walidharau bati, na sisi twadharau elimu.

Tuanze na kuzaliwa kwake. Peugeot 504 ilionyeshwa kwa watu mwezi wa Septemba 1968. Ilikuwa itolewe mapema zaidi, lakini Mei na Juni za mwaka ule Ufaransa nzima ilitikiswa na migomo, na katika kiwanda cha Peugeot cha Sochaux, mashariki ya nchi ile, askari walipambana na wafanyakazi tarehe 11 Juni hata wafanyakazi wawili wakafa. Nalitaja jambo hili kwa sababu wapenzi wa motokaa aghalabu hulipita kama msafiri apitavyo penye kilio cha watu asiowajua. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina, wachoraji mashuhuri wa Turin katika Italia, na taa zake za mbele zenye pembe zilikuwa ndefu kama macho ya mtu anayetazama kwa ubavu. Katika 1969 ilipewa nishani ya Motokaa ya Mwaka katika Ulaya.

Haikuwa motokaa ya tajiri, wala haikuwa ya maskini. Ilikuwa ya daktari wa mji mdogo, ya mwalimu mkuu, ya mwenye duka, ya mkulima aliyetaka kuchukua watoto wanne, bibi yao na gunia la viazi kwa safari moja. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,796. Katika 1970 ikaongezwa kufika 1,971, na wenye kuhesabu senti walipata ya dizeli. Springi zake zilikuwa laini na zenye mwendo mrefu, maana Mfaransa hupenda motokaa inayoelea juu ya mashimo kuliko inayoyahesabu. Ilikuwako pia ile ndefu yenye safu tatu za viti na nafasi ya watu saba. Hii ndefu ilipanuliwa baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kutoka mita 2.74 kufika mita 2.90, ikawekwa ekseli ngumu nyuma yenye springi nne badala ya mbili. Msomaji asiyependa habari za vyuma anisamehe, kwa kuwa katika springi hizo nne imo sehemu kubwa ya hoja yangu.

Zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Katika Ulaya kazi ya kuunda zile za jamaa, yaani za nyumba na watoto, ilikoma 1983. Katika Argentina iliendelea hata 1999. Katika Kaduna, kaskazini ya Nigeria, kiwanda kilifunguliwa 1975 na kikaunda 504 kwa miaka mingi baada ya Sochaux kuisahau. Na kwetu katika Mombasa ziliunganishwa kwa mikono ya watu wa pwani na wa bara hata mwanzo wa karne hii. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba Peugeot 504 ni motokaa ya Kifaransa iliyokuja Afrika kufa, hajatazama tarehe. Ilikuwa ikizaliwa Afrika miaka 20 baada ya kuacha kuzaliwa katika kiwanda cha mama yake.

Sasa tuulize, zile za Ufaransa zilikwenda wapi? Leo mtu aweza kukaa siku nzima kando ya barabara kuu ya Ufaransa asione hata moja. Sehemu ililiwa na kutu. Bati la motokaa za miaka ile halikukingwa kwa namna ya leo, na wakati wa baridi barabara za Ulaya humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke; chumvi hiyo hupanda chini ya motokaa ikala sakafu na milango kimyakimya. Hili halina mtu wa kulaumiwa. Lakini kutu halikufanya kazi peke yake. Mwaka 1994 serikali ya Ufaransa, chini ya Waziri Mkuu Edouard Balladur, ilianza kumpa faranga 5,000 kila mtu aliyeitoa motokaa yenye umri wa zaidi ya miaka 10 na kununua mpya. Watu wakaiita fedha hiyo kwa utani jina la waziri mwenyewe. Alipofuata Alain Juppé, 1995, akaleta ya kwake, na umri ukashushwa kufika miaka 8. Kisha kuanzia mwisho wa 2008 hata 2010 likarudiwa jambo lile lile kwa fedha za euro. Sharti lilikuwa moja kila mara: motokaa ya zamani isiuzwe, isitolewe sadaka kwa jirani, bali ivunjwe.

Fanya hesabu, msomaji. Peugeot 504 ya jamaa iliyo changa kuliko zote katika Ulaya, ile ya 1983, ilikuwa na umri wa miaka 11 siku ile amri ya kwanza ilipotoka. Maana yake ni kwamba zote, nzima na mbovu, ziliwekwa bei ya kuuawa. Na bei hiyo haikuwekwa kwa kuihurumia hewa wala watu wa njiani, ingawa maneno ya namna hiyo yalisemwa baadaye. Iliwekwa ili viwanda vipate wanunuzi. Motokaa iliyopelekwa kwa mzee mmoja ikawaka asubuhi kwa mara ya mwisho, ikaendeshwa kwa miguu yake yenyewe hata kwenye mashine ya kuisaga, hiyo ndiyo iliyokufa. Ile iliyouzwa kwa mfanyabiashara akaivusha kwenda Algiers au Dakar ilinusurika. Makaburi ni ya nani hapo?

Najua nitajibiwa kwamba Ulaya yahifadhi. Yahifadhi nini? Hapa lazima tutenganishe maneno mawili ambayo wauzaji wa vitu vya kale huyachanganya kwa faida yao. Kipo kitu kilicho nadra kwa sababu kilizaliwa kichache, na kipo kitu kilicho nadra kwa sababu kimebaki kichache. Peugeot 504 ilikuwa na dada wawili wazuri: moja ya milango miwili, na moja ya paa la kukunja, zote kazi ya mikono ya Pininfarina. Hizo hazikufika 35,000 zikijumlishwa pamoja. Leo zapatikana katika minada ya Ulaya, zimepakwa nta, zimefunikwa kwa shuka, bei zake zapanda mwaka kwa mwaka. Zilizaliwa chache, na kwa kuwa zilizaliwa chache zilipata wenye kuzilinda tangu mwanzo. Lakini ile ya milango minne, na ile ndefu ya watoto na bibi na viazi, nani aliyeifunika shuka? Ilikuwa ya kila mtu. Kwa hiyo haikuwa ya mtu.

Wala 504 si pekee. Simca 1100 iliundwa zaidi ya mara milioni 2, na ilikuwa katika kila mtaa wa Ufaransa. Leo hata Mfaransa kijana hajui jina hilo. Renault 16, iliyotoka 1965 na kuwafundisha watu wa Ulaya faida ya mlango mkubwa wa nyuma katika motokaa ya jamaa, nayo iliundwa kupita milioni 1.8, na sasa hutafutwa kwa taa. Mfaransa ameitunza Citroën ya akina rais na mawaziri, na ameitunza ile ndogo ya maskini kwa sababu imekuwa kichekesho kinachopendwa. Ya katikati, motokaa ya watu wa kawaida wenye maisha ya kawaida, ndiyo aliyoiona haya. Makumbusho ya Peugeot yaliyofunguliwa Sochaux 1988 ni mazuri, nami siyabezi. Lakini motokaa iliyosimama juu ya zulia, tangi tupu, haituambii ilikuwa ikifanya nini. Na Julai 2016 mji wa Paris ulizikataza motokaa zilizoandikishwa kabla ya 1997 kupita mchana wa siku za kazi, isipokuwa iliyofikia miaka 30 na kupata cheti cha kitu cha ukumbusho. Maana yake, mzee aitumiaye kwenda sokoni arudi nyumbani. Tajiri aitoaye kwa maonyesho apite.

Tuvuke bahari sasa. Sifa ya Peugeot katika Afrika Mashariki haikuletwa na matangazo ya biashara. Ililetwa na matope. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa 1953 na kupita katika nchi zetu tatu, motokaa ya 404, mama wa 504, ilishinda 1963 katika mvua ambayo motokaa 84 zilianza na 7 tu zikamaliza. Ikashinda 1966 na 1967, ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania pamoja na Chris Rothwell. Ikashinda tena 1968, mwaka ambao 93 zilianza na zikamaliza 7 kama mara ile. Kisha 504 yenyewe ikashinda 1975 na 1978. Watu waliosimama kando ya njia, miguu katika tope, hawakusoma karatasi ya kiwanda ili kujua motokaa ipi ni imara. Waliona kwa macho ipi inapita na ipi inavutwa na ng'ombe.

Ndiyo sababu ile ndefu ya safu tatu ilipofika ilichukuliwa mara moja na wenye kazi ya abiria. Kutoka Nairobi kwenda Nakuru, Eldoret na Kisumu haikuitwa teksi wala basi. Iliitwa pijo, na msafiri alisema “nitapanda pijo” hata ilipokuwa motokaa ya jina jingine. Misri wasio na herufi ya p wakaiita bijo, na maana ikawa hiyo hiyo. Senegal wakaiita kwa hesabu ya viti vyake, “viti saba”, kwa Kifaransa. Hilo si jambo dogo kwa wanafunzi wa lugha: jina la ukoo mmoja wa watengenezaji wa misumeno na vinu vya kusagia kahawa katika mashariki ya Ufaransa limekuwa jina la aina ya safari katika lugha za Afrika. Kitu kilichokufa hakizai majina.

Sitaki kuipaka asali. Pijo za abiria zilijazwa kuliko kiwanda kilivyokusudia, zilikimbizwa kuliko akili ilivyoruhusu, na watu wengi walipotea katika njia zile. Moshi wa dizeli uliochoka ni mbaya kwa kifua cha mtoto, awe wa Lyon au wa Kisumu. Anayetaka sheria kali za breki na moshi ataniona upande wake. Lakini hoja ya moshi isitumiwe kufunika hoja ya ukweli. Mwenye kusema kwamba motokaa kuukuu yachafua, naye akanunua mpya kila miaka 4, na aeleze chuma, bati, kioo na moto vilivyotumika katika kiwanda kuunda hizo mpya vilitoka wapi na moshi wake ulikwenda wapi.

Turudi kwenye gereji, maana ndiko kesi hii inakohukumiwa. Silinda za injini ya 504 si matundu yaliyotobolewa tu ndani ya chuma kizima. Kila moja ni mwanzi wa chuma unaochopolewa. Injini ikichoka, fundi huishusha, huichopoa mianzi minne, hutia mipya na pistoni zake, hubadili gasketi, na injini hurudi ujanani. Mhandisi wa Sochaux aliliwaza jambo hilo; fundi wa chini ya mwembe ndiye aliyelitimiza, mara 2, mara 3, mara 4, katika motokaa ile ile. Springi za nyuma zilipovunjika na za kiwandani zikakosekana, alitafuta za lori akazipunguza. Bati lilipotoboka alichomelea jingine, akanyoosha bodi kwa nyundo na gogo. Kilomita ngapi motokaa moja ilizipata kwa njia hiyo hakuna aliyehesabu, kwa kuwa mita yake ilikufa zamani.

Hapa mtunza vitu wa Ulaya hunyanyua kidole: hiyo si Peugeot 504 tena, asema, imepoteza asili yake. Nami namwuliza kama amewahi kukaa pwani. Jahazi hubadilishwa ubao mwaka huu, mkuku mwaka ujao, tanga likichanika hushonwa jingine, mlingoti ukivunjika hukatwa mwingine. Baada ya miaka 40 haijulikani ni kipande gani kilichotoka kwa fundi wa kwanza. Walakini nahodha hulijua jahazi lake kwa jina, na bandari nzima hulijua, na halijaitwa bandia hata siku moja. Msikiti wa kale hupakwa chokaa upya na waumini wake, wala haupungui ukale kwa kupakwa. Kuhifadhi, kwa akili ya watu wetu, ni kukifanya kitu kiendelee na kazi yake. Kukifungia ndani kisifanye kazi ili kisichakae ni namna ya mazishi, ijapokuwa jeneza lina vioo na taa. Sikatai kwamba rangi ya asili na parafujo ya asili zina thamani ya ushahidi, mwanahistoria huzihitaji. Nakataa kwamba hizo peke yake ndizo uhai, na kwamba aliyetunza parafujo ni mhifadhi ilhali aliyetunza mwendo ni mwuaji.

Basi mpaka hapa nimewatetea watu wetu. Kuanzia hapa sitawatetea.

Soko la nchi zetu lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, zikaja motokaa zilizotumika za Japani, zenye usukani upande wetu, rahisi kwa bei, vipuri vyake vikijaa kila duka. Basi dogo la watu 14 likamshinda mwenye viti saba, kama ilivyo haki ya biashara. Kenya ikaweka sheria kwamba motokaa iletwayo isizidi umri wa miaka 8. Siyalaumu hayo. Mtu mwenye watoto wa kusomesha hana wajibu wa kupanda historia. Ninacholaumu ni namna tulivyoiaga pijo. Tuliiita mkweche. Tuliipima kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mkusanyaji wa Ulaya anapokuja kuulizia 504 ndefu isiyoliwa na kutu, kwa kuwa barabara zetu hazina chumvi, tunashangaa kwamba mtu mzima mwenye akili anataka takataka, tunamwuzia, na jioni tunamcheka. Hatujiulizi kwa nini amevuka bahari kutafuta kwetu kitu ambacho nchi yake iliweka fedha kukivunja.

Na hiyo ni dharau ya bati, nami nilisema yetu ni ya elimu. Ndani ya gereji za Gerezani katika Dar es Salaam, na za Barabara ya Kirinyaga katika Nairobi, palitungwa kwa miaka 50 lugha nzima ya ufundi ambayo hakuna kamati iliyokaa kuitunga. Injini “hushushwa” ijapokuwa hupandishwa kwa winchi, “hunoki”, hufanya moshi mweupe wa maji na moshi wa buluu wa oili, na fundi huitambua kila rangi kama tabibu atambuavyo mkojo. Shokomzoba, plagi, ringi, stata: haya ni maneno ya Kiswahili yaliyopita katika mikono kabla ya kupita katika kamusi, na mengine hayajafika katika kamusi hata leo. Sisi tulio katika vyuo tumekaa tukishindana juu ya istilahi, huyu ataka neno la Kiarabu, yule ataka la Kibantu, ilhali mtaa wa pili umekwisha kuamua na kwenda kula. Tumeandika kurasa nyingi juu ya majina ya sehemu za jahazi, na ni vema tulifanya hivyo, kwa kuwa majahazi yalikuwa yakipungua. Nani ameandika majina ya sehemu za pijo kwa bidii ile ile? Au twangoja Mfaransa mwenye kinasa sauti aje atuandikie, kisha tumnukuu?

Mwenzangu mmoja atasema kazi hii haina heshima ya kitaaluma. Ya kwamba mwanafunzi hatumwi gereji kuandika tasnifu. Namjibu kwamba heshima ya elimu haikai katika usafi wa kiti anachokalia mwanafunzi. Chuo chenye idara ya Kiswahili na idara ya uhandisi katika uwanja mmoja kina vitu vyote vinavyohitajika, isipokuwa nia: wa kwanza wajua kusikiliza neno, wa pili wajua kutambua chuma, na nauli ya kufika gereji haizidi bei ya chai. Na inunuliwe 504 ndefu moja, ya Mombasa, yenye viraka vyake vyote, isipakwe rangi mpya, iwekwe mahali inapoweza kuwashwa. Aletwe aliyeitunza, akae kitini, aulizwe kiraka kwa kiraka: hiki ulichomelea mwaka gani, kwa nini hapa, bati ulilitoa wapi, nani alikufundisha. Kijana aliyeanza kazi hiyo akiwa na miaka 18 mwaka ule 504 iliposhinda Safari kwa mara ya kwanza alizaliwa 1957. Wengi wa rika lake wamekwisha kuacha nyundo, na wanafunzi wao wanafungua motokaa za Japani ambazo makosa yake husomwa kwa kompyuta.